Neno la Mgeni wa Heshima

Sipendi hotuba. Ulimi hauna mfupa, na ukiupa kipaza sauti ndio unapotea njia kabisa. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nina kisa na Bwana Thuku peke yake. Kisa naye ninacho, sikatai, lakini hotuba nilianza kuzichoka kabla yake.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kupiga taipu katika chuo kimoja kidogo cha Malindi, nyuma ya soko. Mtaala mpya wa shule ulikuwa umeanza juzijuzi, na kila mkubwa aliyepita alikuwa anawahimiza vijana wajitegemee. Mimi ni Mueni, Mkamba wa Mwingi, ila pwani imenilea hata nikiumia nalia kwa Kiswahili cha hapa. Na mdomo ninao. Waulizeni walionioa.

Mwanafunzi wangu bora mwaka ule alikuwa Kadii, binti wa Mzee Ngala wa kule Adu. Msichana mpole, vidole vyepesi, hatazami vitufe hata kidogo. Babake ni mkulima wa mahindi na mihogo, na ndiye aliyemleta chuoni kwa mkono wake mwenyewe wakati ndugu zake wote wanamcheka. Kwa hiyo siku ya mahafali alikuja amevaa koti, jua lote lile, akaketi mstari wa mbele.

Mgeni wa heshima ndiye Thuku, meneja wa wafanyakazi katika kampuni moja ya Kilifi. Alisimama akatwambia dunia ya kazi inageuka. Huko Nairobi, alisema, tayari kuna mashine inayoandika barua, ikaiweka tumboni, ikaitoa tena mara chungu nzima bila mtu kurudia herufi. Kijana anayemaliza masomo leo asitegemee meza na kiti, ajitafutie, abadilike na majira. Basi wazazi kimya. Wametoka Adu, wametoka Marafa, wamewashonea watoto nguo mpya, wameuza mifugo ili wafundishwe taipu, na huyu bwana anawaambia taipu inakufa. Nilimwona mama mmoja akimkodolea macho mwanawe kana kwamba daktari amemwambia jambo. Niliona uchungu, na hasira zikanipanda, maana alichokuwa anasema hakikuwa uongo.

Thuku naye akakiona kile kimya. Mtu wa hotuba hawezi kukivumilia. Akaniuliza palepale ni nani aliyeongoza darasa, nikamtaja Kadii, akamsimamisha.

"Huyu msiwe na wasiwasi naye," akasema. "Kiti chake kipo kwangu Kilifi. Leo, mbele yenu nyote, nimemchukua."

Vigelegele vikapasua bati. Mzee Ngala alisimama na koti lake, akamwendea Thuku, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Watu wakasahau ile mashine ya Nairobi, wakaenda kula pilau.

Wiki iliyofuata mzee na bintiye walikwenda Kilifi, na mzee akachukua beberu mmoja wa kumshukuru. Nilimwambia akadai barua ya kazi. Alinitazama kwa huruma. Mtu ametamka mbele ya umati, wewe unamwendea na kumwambia aandike? Si ni kumwita mwongo huko? Thuku aliwapokea vizuri, akawanywesha chai, akasema nafasi inafunguliwa hivi karibuni, Kadii akangoje nyumbani. Na beberu wetu akampokea. Bawabu akamfunga nyuma ya ofisi.

Kadii akangoja. Masika ikaanza ikaisha, kiti cha Kilifi hakikuonekana. Alikuwa anakuja chuoni jioni, wanafunzi wakishaondoka, anapiga taipu apate kulainisha vidole. Hasemi kitu. Mimi ndiye nilikuwa nasema.

Halafu Mungu si Athumani. Bwana Karisa, karani mkuu wa hoteli moja ya ufuoni, alikuwa anatafuta mpiga taipu kabla wageni wa msimu hawajaanza kuingia. Nikampelekea Kadii. Akampima, akampenda, akasema kiti ni chake, aje Ijumaa alete jibu. Asipokuja, ana msichana mwingine anangoja. Nilirudi nyumbani naimba.

Mzee Ngala alipokuja kutoka Adu nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, Kadii ana mwenyewe."

"Ana mwenyewe nani?"

"Bwana wa Kilifi. Alitamka mbele ya watu, nami nikampa, naye akapokea. Sasa nimpe mwingine?"

Nikaona balaa limeingia. Kwao Wagiriama, watu wakija kuposa huleta kadzama, tembo la mnazi lile, na baba wa binti akishalipokea, basi. Hata aje tajiri wa Mombasa, harudi nyuma. Mzee huyu aliwahi kumkataa mtu mwenye lori kwa ajili ya dada yake Kadii, kisa alikwisha kunywa tembo la fundi wa majembe. Na Wagiriama wote wanajua posa ni posa na kazi ni kazi, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha Mzee Ngala neno la kazi linafungwa vipi. Akatumia sheria aliyokuwa nayo.

"Baba Kadii," nikamwambia, "usiache mbachao kwa msala upitao. Yule mtu alikuwa anafurahisha watu tu."

"Basi na aseme. Aliyefunga ndiye afungue. Aniambie hapana, neno moja tu, nami leo hii nampeleka binti yangu hotelini."

Neno moja tu. Nikasema hilo ni jambo rahisi, na Alhamisi asubuhi tukapanda gari sote watatu kwenda Kilifi.

Thuku alitukaribisha kwa bashasha. Ofisini kwake kulikuwa na mashine mpya imefunikwa plastiki, na pembeni ameketi karani wa taipu, mama mtu mzima, mikono mapajani. Hakuwa na kazi, maskini. Kadii alimtazama, nami nikamwona Kadii akielewa. Tulipoambiwa tukae, hakukaa.

"Shikamoo, bwana," akasema. "Nimekuja kukuomba unikatae."

Thuku akacheka. "Nikukatae?"

"Ndiyo, bwana. Nimepata kazi Malindi, jibu latakiwa kesho. Baba hawezi kuniruhusu mpaka wewe uniachie. Sikulaumu kwa lolote. Niambie tu, mbele yake, kwamba hapa hakuna kazi yangu."

Sijawahi kumsikia msichana yule akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na moyo wangu uliniuma, maana aliomba vizuri kuliko watu wanavyoomba kazi.

Thuku akamtazama mzee, aliyekuwa amekaa wima na kofia yake magotini. Akanitazama mimi. Akarekebisha tai.

"Binti, mimi sijawahi kumvunja kijana moyo. Siwezi kuanza na wewe."

"Bwana Thuku," nikaingilia, "kiti kipo au hakipo?"

"Mwalimu, mambo ya ofisi hayaendi kwa pupa. Kuna mabadiliko, mnaona wenyewe. Tunajipanga."

"Kipo au hakipo?"

Alizunguka meza, akamwekea mzee mkono begani. "Mzee wangu, usisikie wasiwasi wa wanawake. Huyu ni wetu. Nafasi ikipatikana, wa kwanza ni yeye."

Wallahi ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia. Kumbe kumkataa mtoto mbele ya babake ilikuwa aibu kwake, aibu ya dakika moja, na ili aikwepe akaona afadhali maisha ya yule mtoto yakae hapo yanangoja. Mzee Ngala alisimama, akashukuru kwa adabu, tukatoka.

Njiani nilimjia juu mzee. Nikamwambia mtu yule amekataa, amekataa kwa kila kitu ila mdomo, hata mtoto mdogo angeona. Mzee akasimama chini ya jua.

"Mwalimu, mimi si mjinga. Nimeiona ile mashine. Nimemwona yule mama amekaa bure."

"Sasa je?"

"Sasa wewe ulimsikia akisema hapana?"

Sikumsikia.

"Yeye akisema uongo, uongo ni wake," akasema. "Nikivunja mimi, mvunjaji ni mimi. Nina mabinti wengine nyumbani. Nani atakuja kwangu akiamini neno langu?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Kadii alikuwa ametangulia mbele, hakugeuka.

Ijumaa tulikwenda hotelini. Nilimwambia Kadii aniachie mimi nimweleze Karisa, pengine atatupa muda. Akakataa. Alisema babake yuko pale langoni, na jibu linatakiwa litoke kinywani mwa binti mwenyewe. Akaingia, akaamkia, akasimama mbele ya meza mikono imeshikana.

"Nashukuru sana, Bwana Karisa," akasema, kwa Kiswahili kile safi nilichomfundisha cha kuzungumza na wakubwa. "Nimeshachukuliwa Kilifi."

Karisa alifurahi kikweli. Akainuka, akampa mkono, akamwambia hongera, Kilifi wameona mbali. Kisha akafungua mlango, akamwita yule msichana mwingine aliyekuwa anangoja kwenye benchi.