Mtu wa Tano

Machi ya mwaka 2021 Kabula alizunguka Ziba nzima akiwafundisha watu kujifukiza nyungu. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na wakubwa ndivyo walivyoagiza: sufuria ya moto, majani ya mwarobaini, tangawizi, blanketi kichwani. Watu wakatii, wakatoka jasho, wakamshukuru. Agosti akapita nyumba zile zile, safari hii akiwahimiza wakachanjwe korona.

"Si ulisema nyungu inatosha?" wakamuuliza.

Angejibu nini? Waliogeuza maneno walikuwa maofisini. Aliyebaki kutazamwa machoni ni yeye, pekupeku mlangoni pa watu.

Aliyemnyima usingizi hasa ni mama yake, Ngollo, mwenye kisukari na pumzi fupi. Watu wa aina yake ndio ugonjwa ule uliokuwa ukiwabeba. Kwa wiki tatu Kabula alimbembeleza, na kwa wiki tatu mama alikataa, hadi siku moja wakichambua pamba alipoinua uso.

"Wewe mwenyewe umechanjwa, mwanangu?"

"Nimechanjwa, mayu. Kule Igunga, kwenye semina."

Alikuwa hajachanjwa. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita wa kutafuta mtoto, mumewe ameanza kuwa mkimya mezani, na simu yake imejaa video za watu wanaoapa kwamba sindano ile inafunga kizazi. Semina ilimfundisha kuwa ni uongo, naye akaandika hivyo daftarini kwa mwandiko mzuri. Foleni ilipomfikia akasingizia homa. Tusimcheke sana, waliosoma kumzidi mara kumi walisingizia makubwa zaidi.

"Basi nami nitakwenda," mama akasema. "Kama wewe umechomwa na bado unahema, siogopi."

Alhamisi asubuhi wakaenda kwa miguu, mama akipumzika kila baada ya nyumba chache. Zahanati waliwakuta Mwalimu Damas, mfugaji mmoja aitwaye Shigela, na Nasri, dereva wa lori aliyetakiwa cheti cha chanjo ili avuke mpaka. Muuguzi Julieth akamwamkia mama, "Shikamoo," akaitikiwa marahaba, akamsogezea kiti. Lakini chupa ya chanjo hakuifungua.

"Chupa moja ni ya watu watano," alieleza. "Nikishaifungua haikai, inayobaki ni ya kumwaga, na mimi naulizwa kila tone. Hapa mko wanne. Tumngoje wa tano."

Wakangoja. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mama alisinzia kitini. Saa tisa Julieth akamgeukia Kabula.

"Hivi wewe ulishachanjwa, si ndiyo?"

Mama ndiye aliyewahi kujibu, tena kwa kujivunia. "Huyu alichanjwa zamani, kule Igunga."

Kabula angekunja mkono wa gauni tu, watu wangetimia. Lakini mama angejua kwamba alidanganywa, pengine angenyanyuka na kuondoka. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Nyuma yake ilikaa nyingine, ya yule mtoto ambaye hajaja, na hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu.

"Nilishachanjwa," akasema.

"Basi rudini Jumatatu."

Nasri aliondoka akilaani. Walipokaribia nyumbani mama akasema, "Dawa gani hii inayohesabu watu? Ingekuwa yangu wangenipa." Jumatatu alikataa kutoka, na Jumatatu iliyofuata pia. Katikati ya Septemba akaanza kukohoa. Siku ya tano alikata roho ndani ya gari, wakiwa njiani kumpeleka hospitali, kichwa chake mapajani mwa Kabula.

Msibani maneno yalikuwa yameshaiva. Alikwenda zahanati mzima, na sasa yuko kaburini. Sindano imemuua. Julieth alipokuja kutoa pole, wanawake wakasogea wasikae naye mkeka mmoja. Akamvuta Kabula pembeni, macho mekundu.

"Waambie ukweli. Wewe ndiye mtoto wa marehemu, watakusikia."

Kabula akasimama mbele yao. "Mama hakuchanjwa. Chupa haikufunguliwa, tulipungukiwa mtu mmoja."

"Ni kweli," Mwalimu Damas akasema kutoka upande wa wanaume. "Nilikuwepo. Tulikuwa wanne."

Kabula kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaona afadhali. Ndipo shangazi yake, dada wa marehemu baba, akauliza taratibu:

"Na wewe ulikuwa pale pale. Mbona hukuwa wa tano?"

"Mimi nilishachanjwa, shangazi."

Shangazi akamtazama tumboni, akamtazama muda mrefu. "Ahaa. Kumbe ndiyo maana huzai."

Mnong'ono ukapita mkeka kwa mkeka. Hakuna aliyejali kwamba miaka sita ni mingi kuliko umri wa sindano yenyewe. Wenye mabinti wakatazamana, na mmoja akamshika wake mkono. Kabula alikuwa na maneno mawili tu ya kuizima habari ile: sijachanjwa mimi. Julieth alikuwa akimtazama, akisubiri ayatetee mafundisho yao. Mwalimu Damas naye alikuwa akimtazama, na yeye anajua kuhesabu.

Kabula akaketi, akajifunika kanga usoni, na watu wakadhani analia.