Pole ya Rula

Karakana ya ushonaji ya Mama Mkasi ilikuwa na mafundi wawili, na ungeambiwa uchague wa kufa na kuzikana naye, ungekosea kama alivyokosea yeye mwenyewe.

Mmoja walimwita Asali. Ukikohoa, pole. Ukijikwaa, pole mpenzi. Alikusoma moyo kabla hujafungua mdomo, na wateja walimpenda hadi basi. Mwenzake, Rula, alipima kila kitambaa mara tatu, hakumtazama mtu usoni, na hilo neno pole hakuwa nalo. Mama Mkasi alipofiwa na mama yake, Rula alimwuliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" kisha akarudi kwenye cherehani yake.

"Huyo hana moyo," Asali alinong'ona. "Watu wa aina hiyo waogope, mama."

Mama Mkasi akaamini. Tangu msiba ule, kila asubuhi alikuta sindano yake imeshatungwa uzi. Alimshukuru Asali, naye Asali akaipokea shukrani bila aibu, mkono kifuani.

Basi Jumatatu moja gauni la bibi harusi likakutwa limeungua mgongoni, alama nzima ya pasi, na harusi keshokutwa. Lahaula! Mama Mkasi akapandwa na hasira.

"Nani aliwasha pasi?"

"Mimi," Rula akajibu.

"Jamani, hata haya hana!" akasema Asali. "Pole, mama yangu."

"Rula, leo unaondoka!"

"Saa ngapi? Kubadilisha mgongo wa gauni kunataka saa sita."

"Saa kumi na mbili jioni, na nisikuone tena!"

Rula akakaa, akaanza kufumua mshono. Mama Mkasi, kwa ghadhabu, akaishika pasi vibaya na kuungua kiganja. Asali akamrukia, "Pole, jamani, pole!" na machozi yakamlengalenga. Mara mteja akabisha hodi. Machozi yakakauka papo hapo, Asali akaenda mlangoni akicheka.

Rula akamshika mama kifundo cha mkono, akamvuta hadi bombani. "Dakika ishirini," akasema, macho kwenye saa ya ukutani. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Wewe una nini?"

"Unaumia. Nikikutazama nashindwa kupumua."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Rula, sindano zangu hutungwa na nani?"

"Mimi. Macho yako yalivimba kwa kulia. Ulikuwa unakosa tundu."

"Na gauni uliliunguzaje?"

"Sikuliunguza. Asali aliiacha pasi juu yake."

"Sasa mbona hukusema, wewe!"

"Uliuliza aliyewasha."

Mama Mkasi akamwita Asali, akamwuliza. Asali alitafuta machozi, akamtazama vizuri, akaona hapa hayauziki. Uso wake ukabaki mtupu, na kwa mara ya kwanza mama akamwonea huruma.

"Mama, watu wanataka pole, mimi nawapa," akasema. "Hicho mnachosikia ndani, mimi sijawahi kukisikia. Tangu utotoni naigiza tu."

"Kutosikia si kosa lako, mwanangu. Kumsingizia mwenzio ni kosa lako. Nenda."

Saa kumi na mbili kamili gauni likawa zima. Rula akakunja futi yake, akachukua mkasi wake, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Ulisema saa kumi na mbili."

Mama Mkasi akamfuata mlangoni. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Rula akaitazama mikono yake, upande huu na upande huu. "Mimi sijaungua," akasema.

"Umeungua, baba. Niliyekuunguza ni mimi. Rudi ukae."

Akarudi. Kabla ya kukaa, akachukua sindano ya mama, akaitunga uzi.