Mshale Uelekee Mbele

…na pumzi nayo kaibana, mtazame, mashavu yamefura kama ya mtoto aliyekataa kumeza dawa, eti asilitikise gari, leo ndiyo kajua kutulia, leo, baada ya kulipandisha gari la watu kwenye majani ya mzunguko wa barabara likiwa na mtoto ndani, Injinia huyu, mtaa mzima humwita Injinia naye huitika, haoni kuwa wanamcheka, na mama mtoto hana budi kukaa naye humu bega kwa bega, usukani kaushika kwa mikono miwili usiende kulia wala kushoto, maana fundi wa gereji kasema, "Mama, sensa mpya nimeshaifunga, sasa gari linajifunza kutulia, asishuke mtu, asifungue mlango, asijikune, taa ile ikiacha kupepesa tumemaliza," kisha akamgeukia shemeji mtu, "na wewe mkuu, mdomo pia," akaenda zake bombani kunawa grisi, na taa inapepesa, kigari cha njano chenye mikia miwili ya nyoka, ile ile iliyowaka mwezi uliopita wakaambiwa sensa imekufa, ile inayolijulisha gari kwamba linateleza na ni gurudumu lipi lishikwe breki, na Injinia akadakia, aah shemeji, fundi wa nini na mimi nipo, kazi ya bisibisi moja, nimeona kwenye simu… kwenye simu! basi akiona kwenye simu mwanamke anajifungua naye atakuwa mkunga… akang'oa kiti, sensa hukaa chini yake, akaifunga mpya, akapiga makofi, na mshale uliochorwa juu yake, mweupe, mnene, hata kuku angeuona, wa kuelekea mbele, yeye akauelekeza nyuma kwenye buti, "waya ulikuwa mfupi, shemeji," ndivyo alivyojitetea, kwa hiyo kola ikikubana unavaa shati mgongo mbele? mvua ikanyesha, gari likateleza huku likaambiwa linateleza kule, likashika breki gurudumu lisilohusika, na mtoto kamkalisha mbele, mbele! kwa sababu mtoto kaomba, mtu mzima anapokea amri kwa mtoto wa darasa la kwanza, na ndiye ambaye baba mtoto, huko mbali anakofanyia kazi, anamsifu kwenye simu, mdogo wangu yupo, usiwe na wasiwasi, yupo kweli, debe tupu nalo lipo… "Shemeji." "Umeambiwa mdomo." "Nauliza tu, mtoto anakaribia kutoka shule. Nimfuate kama kawaida?" Kama kawaida! ana uso gani huyu, midomo haisogei, anaongelea puani ili gari lisisikie, na huo mkono kauweka gotini kwa makusudi, na bandeji yake iliyokwisha kuwa rangi ya chai, siku ya tatu hii hataki kuibadilisha, aonewe huruma, alipoulizwa umeumiaje akasema kijikwaruzo tu, yeye anayehutubia mtaa mzima akibadilisha balbu, kijikwaruzo tu, akaenda kumfulia mtoto soksi… hakuna aliyemwomba afue… na hapo kwenye mlango, karibu na bega lake, plastiki imepasuka, hasara nyingine hiyo, imebonyea kama yai lililogongwa, chini kidogo ya kioo, kimo cha… kimo cha sikio, la mtoto, akiwa kakaa hapo, na mtoto alirudi hana hata nundu, mama mtu alimkagua kichwa chote kwa vidole, nywele kwa nywele, hana, ila wakati wa kuoga alilia, "Mama, baba mdogo kaniumiza sikio, kanibana hapa, kwa nguvu," akajiwekea kiganja kwenye sikio, na mama mtu akammwagia maji akasema moyoni haya, na hilo nalo, akalipanga juu ya makosa mengine kama vyombo vichafu, hakuuliza mkono ulikuwa unatafuta nini sikioni kwa mtoto, gari likizunguka, usukani ukihitaji mikono yote… kumbe mkono usiojua mbele wala nyuma ya kijidude chenye mshale, siku hiyo ulijua pa kwenda, katikati ya sikio na mlango… na mpumbavu asiseme! la balbu anasema, la kufungua chupa kwa meno anasema, hili kalifunga kwenye bandeji, basi ni mpumbavu mara mbili, mjinga wa mwisho, na ni nani atakayemwosha kidonda hicho kabla hakijaoza, nani kama si mama mtoto, wakifika nyumbani, kwa maji ya chumvi, na mjinga apige kelele vizuri… taa inapepesa, fundi bado yuko bombani, na jibu limeshamfika mama mtoto ulimini, mfuate, shemeji, lakini kwa miguu, wewe nyuma, mtoto mbele umwone, na mwavuli uushike kwa mkono mzima, atamwambia taa ikizimika, sasa hawezi, kitu kimempanda kifuani hajui ni kicheko au ni kilio, mabega yanataka kutikisika, na gari linajifunza, likijifunza vibaya litadhani mtikisiko ndio utulivu, kwa hiyo naye kaibana pumzi, kafurisha mashavu, macho kayakaza kwenye kile kigari cha njano, sawasawa na huyo mjinga aliye pembeni…