Kiti cha Janae

Aliyeiua shule ya zamani ya mtaa ule wa New Orleans ni Bi Earline Robichaux, tusitafute mchawi. Alipita mlango kwa mlango akiwabembeleza wazazi wapige kura, shule itoke mikononi mwa serikali ipewe kampuni kwa mkataba. Kura zikatosha. Walimu wote wakafukuzwa, hata Mwalimu Thibodeaux, aliyekuwa akimfundisha Janae, mjukuu wa Bi Earline.

Janae ana miaka saba. Akisoma huvuma kooni, mm, mm, mm. Asipovuma, herufi zinamkimbia. Mwalimu Thibodeaux alimwacha avume. Shule mpya ilitaka kimya: darasani kimya, koridoni kimya, hata kwenye wali na maharagwe ya Jumatatu, kimya. Kufikia Oktoba mtoto alikuwa akishinda kwenye benchi la adhabu.

Mkurugenzi, kijana aliyekuja juzi tu kutoka Boston, akamwita Bi Earline ofisini.

"Bi Earline, hatumfukuzi. Tunaona tu kwamba hapa hapamfai."

"Hapamfai? We mtoto, kura zenyewe nimekutafutia mimi!"

"Na tunakushukuru. Lakini si wewe uliyewaahidi wazazi kwamba watoto wasumbufu hawatawapotezea wenzao muda tena?"

"Nilisema wasumbufu. Sikusema Janae."

"Kila mzazi husema hivyo, mama."

Bi Earline akamtoa Janae shuleni. Kwa hiari yake, ndivyo shule ilivyotangaza. Shule nyingine za karibu nazo zilikuwa za mkataba, na zote zilijaa ghafla kila alipotaja kuvuma.

Garini Janae aliuliza, "Bibi, kwani nimefanya nini?"

Angeweza kumwambia kweli. Lakini kwa aibu akamfokea mtoto. "Si huko kuvuma kwako! Ungenyamaza kama wenzako, saa hizi ungekuwa darasani."

Janae akanyamaza. Hakuvuma akisoma, wala akila, wala akiogeshwa. Bi Earline alidhani amenuna, akamwacha anune.

Jumatatu asubuhi alimkuta mlangoni, shati la shule amelichomekea, begi mgongoni, midomo ameibana mpaka imepauka.

"Nimeweza, Bibi," akanong'ona. "Sijavuma hata kidogo. Twende, tutachelewa."

Kiti chake kilikuwa kimeshapewa mtoto mwingine tangu Ijumaa, na Bi Earline alijua.

"Vua shati, mjukuu wangu," alisema, akaanza kumvua begi mgongoni.