Kura ya Mansour

Mimi mdomo wangu hauna mlango, kila mtu wa mtaa wetu wa Matonge hapa Bruxelles anajua. Basi mdogo wangu Mansour nilimtukana mwezi mzima kwenye simu, asubuhi na jioni, na wala sikuona haya.

Mansour anakaa Amerika, kwenye kamji kadogo kenye makanisa mengi kuliko maduka. Karibu wote wanafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na yeye humo humo. Warundi pale ni yeye na mke wake tu. Wakati wa uchaguzi kila nyumba ilisimamisha bango la mgombea yule yule, yule aliyesema wazi kwamba akishinda atawafungia wakimbizi mlango. Katika kila watu kumi wa pale, tisa walimpa kura. Mansour alikuwa amepata uraia juzi tu, ndiyo mara yake ya kwanza kupiga. Nikampigia jioni ile ile kumuuliza amemchagua nani.

"Nimepiga kama majirani, dada," akajibu.

Na mama yetu je? Mama alikuwa kambini Tanzania, ameshapimwa damu na mapafu, kesi yake imepita, anangoja ndege tu aende kukaa kwa huyo huyo Mansour. Mimi huku Bruxelles nilijaribu kumleta mara mbili, wakakataa. Amerika ndiyo iliyokuwa imebaki. Bwana yule akashinda, mlango ukafungwa, mama akaambiwa afungue sanduku lake arudishe nguo.

Jamani, moyo uliniuma. Kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu kwenye makao yao kule Evere, kuwakata kucha, kuwalisha supu. Mama za wenzangu nawashika kila siku, wangu simshiki. Halafu useme nisitukane?

"Umemfungia mama yako mlango kwa mkono wako!" nilimwambia Mansour. "Nyoka we! Kuku wamekula akili yako!"

Yeye ananiacha nimalize. Mwishoni anasema tu, "Sawa, dada. Nimesikia."

Alphonsine, rafiki yangu wa Lubumbashi, alinikuta siku moja kituo cha metro cha Porte de Namur nimetoka kufoka, simu bado ya moto mkononi.

"Mwanvua, acha mutoto wa mama yako," akasema. "Bon, kura yake moya ingefanya nini? Muji muzima balikuwa upande ule."

"Si habari ya kushinda! Angempa mama hata hiyo moja!"

Ijumaa moja, nikingoja tramu, mtandao wa kambini ukakubali, nikampata mama. Habari ya kura nilikuwa nimemficha nisimvunje moyo, lakini siku hiyo hasira ilinishinda. Nikamwambia yote.

Mama akakohoa kwanza. "Najua," akasema. "Ni mimi niliyemtuma."

"Ulimtuma nini?"

"Aliniambia mji mzima una bango moja. Nikamwambia, mwanangu, piga wanayopiga wao."

"Mama! Kura ya kule ni siri. Nani angejua?"

"Siri," akasema mama. "Baba yako pia aliambiwa ni siri."

 Sisi wa Buyenzi, kule Bujumbura, tunajua. Enzi zile ulikuwa unapewa karatasi kadhaa, moja ya kila chama. Unayoitaka unaitumbukiza, zinazobaki unabaki nazo. Vijana wa mtaa wakamngoja baba nje, wakadai awaonyeshe zilizobaki. Karatasi ya wapinzani wao haikuwemo, basi wakajua amempa nani. Tulimzika kesho yake, na Mansour alikuwa bado tumboni.

"Huyo nimemlea kwa hofu," mama akasema. "Afadhali nifie hapa huku najua anapumua. Usimgombeze."

Nililia pale pale kituo cha tramu, watu wananitazama, nao watazame. Halafu nikampigia Mansour. Alipokea haraka.

"Dada, kama ni matusi subiri nitoke kazini, hapa kuna kelele."

"Mama ameniambia."

 Nikasikia mashine nyuma yake.

"Mbona hukusema, Mansour? Mwezi mzima nakutukana!"

"Nimsingizie mama? Yeye alinituma, lakini pale ndani nilikuwa peke yangu, dada. Mama hakuwa ananiona. Ningeweza kumkatalia, nikampigia yule mwingine, ili mama aje. Kalamu ilifika pale kabisa." Akasogea mbali na mashine. "Halafu akilini nikaona wale majirani wananingoja nje. Nikatoka, hakuna mtu. Bibi mmoja tu, akanipa biskuti."

"Mansour, basi…"

"Nilijua wataniuliza kazini. Nikangoja. Mji mzima, dada, hadi leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimempa nani. Ni wewe peke yako."