Doti ya Kijani

Mchongaji alikifuta kioo cha mashine mara ya tatu, na doa likabaki palepale. Alitumia kitambaa kikavu, akatumia kilicholowa spiriti, akapumulia na kufuta kwa pindo la koti lake la bluu. Doa la kijivu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, katikati kabisa ya kibao cha chuma alichokuwa akikichonga. Akainua macho aitazame saa ya ukutani, ajue amechelewesha kazi kiasi gani. Doa nalo likapanda ukutani, likakaa juu ya saa na kuzifunika akrabu zote mbili.

Mchongaji akaketi. Alichokiogopa si doa. Alimkumbuka dada yake.

Dada ndiye aliyekikalia kiti hiki kabla yake. Mwaka wake wa mwisho alianza vituko: ukizungumza naye, anakutazama sikio, kama mtu aliyeona mdudu huko. Nyumbani walisema amejiona. Kapata kazi ya leza, sasa watu hawamtoshi. Mchongaji mwenyewe, kwa kinywa chake, alimwambia siku moja, "Dada, kama umetuchoka sema, usituletee dharau." Dada akacheka kidogo. Haikupita miezi miwili, akaingia barabarani mchana kweupe mbele ya lori. Walioshuhudia walisema alikuwa ameligeukia kabisa, analitazama.

Sasa mchongaji akageuza shingo kidogo, akatazama pembeni mwa saa badala ya saa yenyewe. Akrabu zikaonekana. Saa nne na robo. Akajifunika uso kwa koti akalia, maana kumwomba radhi maiti ni kazi bure.

Kiwanda kilitengeneza pampu za maji, na kila pampu ilitaka kibao chake cha namba. Namba zilichongwa kwa leza: vitaa viitwavyo vidiodi vinasukuma mwanga ndani ya fuwele, fuwele inaukusanya na kuurusha, chuma kinaungua. Zamani mwanga ulipitia kwanza kwenye fuwele nyingine, ndogo kama punje ya mchele, iliyougeuza kuwa wa kijani. Kijani kile kilifaa kwa shaba. Ilipokuja oda ya vibao vya chuma kinene, meneja akaamuru ile punje itolewe, nguvu yote ifike chumani. Mwanga ukabaki ulivyozaliwa, wa rangi ambayo jicho la binadamu haliioni.

Wachongaji walikuwa na desturi yao, waliyoiita kuuliza doti, yaani nukta ya mwanga. Asubuhi kabla ya kazi unavaa miwani ya rangi ya chungwa, unaelekeza mwanga mdogo kabisa kwenye karatasi nyeupe. Ukiiona doti ya kijani, miwani ni mibovu, irudishe. Usipoiona, anza kazi. Dada ndiye aliyemfundisha. Na tangu punje ilipotolewa, hakuna aliyeiona doti hata siku moja. Watu walifurahi. Miwani yote ikawa mizima, hata ile yenye ufa. Swichi ya mlango wa mashine nayo, iliyokuwa ikikata mwanga mlango ukifunguliwa, ilibandikwa sumaku ili kazi isisimame kila mara. Mlango ukashinda wazi, na chuma kinachong'aa kikawa kinarusha mwanga kinakotaka.

Mwezi uliopita kibao kimoja kilikaa upande. Mchongaji alisikia kitu kikialika, ta, ndani ya kichwa chake, kidogo tu, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Hakuona chochote, akaendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi aliomba ruhusa akaenda hospitali, na daktari wa macho akamwandikia karatasi: kovu la kuungua, katikati ya macho yote mawili, halitibiki. Mchongaji aliipeleka kwa meneja akiwa ameikunja mara nne. Meneja akaisoma amesimama, akaiweka kwenye droo, akaifunga droo.

"Macho ni umri, mama. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Si ndiyo hayo? Mimi mwenyewe nasoma kwa miwani."

"Daktari anasema nimeungua."

"Daktari kaona mashine yetu? Umewahi kuuona wewe huo mwanga?"

"Sijawahi."

"Basi umeunguzwa na kitu ambacho hata hukijui." Alisema kwa upole, kama anayemfariji mfiwa. Akamsogezea fomu. "Hapa unaeleza kwamba unaacha kwa hiari, macho yamechoka. Kiti hakitoki nje ya familia, unajua utaratibu wetu. Binti yako anaanza Jumatatu, na chumba cha kampuni mnabaki nacho. Vinginevyo chumba ni cha mfanyakazi, na wewe hutakuwa mfanyakazi."

Mchongaji aliinamia fomu. Doa likakaa juu ya maneno. Akalisogeza, likala maneno mengine.

"Na dada yangu alisaini hii?"

Meneja akatazama mlango. "Dada yako alikuwa mtu muungwana sana."

"Nipe mpaka kesho."

"Hiyo kesho ni yako wewe," akasema meneja. "Kazi haina kesho."

Nje, penye bomba la kunawia, alimkuta fundi wa mitambo, yule waliyempa jina la Bisibisi kwa sababu bisibisi haikumtoka mfukoni hata kwenye harusi. Alijua mikono ni yake kabla ya kujua uso.

"Niambie ukweli, Bisibisi. Ile miwani."

Bisibisi akafunga bomba, akalikaza kuliko lilivyohitaji. "Ile ni ya mwanga wa kijani, dada. Inazuia kijani tu. Huu mwanga wa sasa unapita kama mlangoni hakuna mtu. Niliwaandikia siku ileile nilipoitoa fuwele."

"Na dada yangu ulimwambia?"

Maji yaliyobaki kwenye bomba yakadondoka matone matatu, manne.

"Nilikuwa na wiki mbili kazini," akasema. "Mke wangu mjamzito."

Mchongaji alitamani kumtukana, akakosa tusi la kumtosha. Akashika ukuta, akaufuata mpaka kwenye nyumba za kampuni, akihesabu milango kwa kiganja. Njiani aliamua. Chumba na kiende. Watalala kwa watu, watafukuzwa, watalala kwa wengine. Binti hatakikalia kile kiti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kifua chake kikawa chepesi.

Mlango ulikuwa wazi. Mbele yake kulikuwa na koti la bluu, jipya, bado lina mikunjo ya kiwandani, na juu ya kola lile doa la kijivu.

"Mama! Karani alikuja kuniita ulipokuwa hospitali asubuhi. Wamenifanyia majaribio, nimepita."

"Majaribio gani?"

"Ya doti. Nimevaa miwani, nimetazama karatasi weee, sikuona kitu. Wamesema miwani ni mizima." Binti alikuwa anacheka. "Na ile fomu usihangaike nayo. Karani ameileta sasa hivi, akasema kwa vile macho yako hayasomi, ndugu wa karibu anaruhusiwa. Nimekusainia."

Mchongaji akaegemea kizingiti. Kisha akamweleza yote: punje, sumaku, miwani, lori. Hakuficha hata neno lake mwenyewe la dharau; alilolisahau ni jinsi doa linavyomgeuza mtu shingo. Binti akaketi kitandani, akasimama, akaketi tena.

"Tukitoka hapa tunakwenda wapi?"

"Popote."

"Popote ni wapi, mama?"

Mchongaji akageuza shingo kidogo, polepole, hadi doa likaondoka kwenye uso wa mwanawe: akayaona macho, mazima, mekundu kwa machozi, na nyusi za marehemu dada yake.

"Mimi nazungumza nawe mambo ya maisha," binti akasema kwa uchungu, "na wewe hata hunitazami. Unatazama nini hapo sikioni kwangu?"