Kichwa cha Kupimia Walimu

Kamati ya shule ilinichagua mimi niwe mwanafunzi wa kupimia walimu, bila aibu. Mzee Kondo, mwenyekiti, alisimama akasema: anayeweza kumwelewesha Emerensiana hesabu, huyo atamfundisha mtoto yeyote hapa Kikole. Watu wakacheka. Nilitaka nimpe zake, lakini nikameza, maana mmoja wa wawili walioomba ualimu ule wa kujitolea alikuwa Optatus, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mwenyewe. Huu mwaka wa tatu katoka chuoni, yupo yupo tu nyumbani, na roho inaniuma kila nikimwona. Basi nikaapa moyoni: akifundisha yeye nitaelewa, akifundisha mwenzake sielewi ng'o.

Swali lilikuwa moja: theluthi na robo, kipi kikubwa?

Akaanza Optatus. Jamani, mtoto anajua! Akajaza ubao mzima, kiasi juu, asili chini, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Umeelewa, mama mdogo?"

"Sana, mwanangu."

"Haya, kipi kikubwa?" akauliza Mzee Kondo.

"Robo," nikasema. Si nne inaizidi tatu?

Kamati ikaangua kicheko. Optatus akafuta ubao kwa hasira. "Mama mdogo, hili hata mtoto mdogo analijua."

Ikaja zamu ya Mwanaasha, binti wa Songo Songo, mwembamba, sauti ya chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikaitika shingo upande.

Hakugusa chaki. Aliniuliza kwa nini nilisema robo, nikamweleza, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bibi, una muhogo mmoja wa kuchoma. Ungependa mgawane watu watatu au wanne?"

"Watatu," nikadakia. "Huyo wa nne anatafuta nini kwangu?"

Hapo hapo nikaona. Kwa uchoyo wangu huu huu nikaliona pande la theluthi, na karobo kadogo pembeni yake. Nikainamisha uso.

"Haya, kipi kikubwa?" akauliza Mzee Kondo.

"Sijaelewa."

Optatus akashusha pumzi. Nilifurahi, sikatai.

Mwanaasha akavuta kiti, akakaa karibu yangu. "Basi nimekueleza vibaya, bibi. Kosa ni langu. Niambie nilipokupoteza, tuanze tena."

Nina miaka sitini na minne. Nimefundishwa na walimu, makatekista, mabwana shamba na marehemu mume wangu, na wote waliniambia kosa ni langu. Nikamtazama Optatus wangu, nikamtazama na binti wa watu. Machozi yakanilenga.

"Theluthi," nikasema. "Nilielewa tangu uliponiuliza. Nilikuwa nakudhulumu, mwanangu. Nisamehe."

Optatus alitoka bila kuniaga. Jioni nikampelekea chakula chumbani, nikamwambia Jumatatu, Mwanaasha akianza kufundisha, aende akakae dawati la nyuma, amtazame yule binti anavyouliza.

Alikataa katakata. Jumatano akaenda.